Nauli ni robo tu: hesabu ya kuipeleka familia Kondoa

Shilingi 31,000. Hiyo ndiyo nauli ya mtu mzima iliyopangwa kwa treni ya kawaida ya reli ya kisasa (SGR) kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, treni zilipoanza kufika huko Julai 2024, na ndiyo tarakimu ambayo familia nyingi huanza nayo zinapozungumzia safari ya likizo. Wanaizidisha kwa idadi ya watu, wanaguna, na mazungumzo yanaishia hapo. Ama safari inaahirishwa hadi mwakani, ama wanaondoka na fedha ya tiketi tu wakiamini mengine yatajipa huko huko. Nimepiga hesabu ya safari nzima ya familia ya watu saba, kutoka mlangoni kwao Dar hadi Kondoa na kurudi, na matokeo yake yanatosha kubadili namna tunavyopanga: tiketi za treni ni robo tu ya gharama. Robo tatu zilizobaki zimo katika mambo yasiyo na tiketi wala bei iliyobandikwa dirishani, na hapo ndipo safari nyingi za familia zinapokwama.

Nimechagua Kondoa, mkoani Dodoma, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni safari ya aina ambayo wengi wetu tunaijua: bibi anarudi kwao, watoto waliozaliwa mjini wanakwenda kuona alikotoka. Ya pili, pale Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, kuna michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, na ndani yake kuna miamba yenye michoro zaidi ya 150: pofu, twiga, watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, na michoro ya rangi nyeupe iliyokuja baadaye. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili, na kazi hiyo ikawa kitabu mwaka 1983. Mtoto wa Temeke anayesoma historia ya zama za mawe darasani ana haki ya kuiona kwa macho yake, na bibi yake akiwa Mrangi, ni historia ya nyumbani.

Familia yetu ya mfano basi ni hii: baba, mama, bibi mzaa mama, na watoto wanne wa miaka 14, 10, 7 na 3. Nauli za treni na basi nilizotumia ni viwango vya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, vya basi vikiwa vile vilivyoanza Desemba 2023. Bei za chumba, chakula, teksi na gari la kukodi ni makadirio yangu. Msomaji anayejua bei za kwao aweke zake mahali pake.

Kichwa kimoja si nauli moja

Watu saba hawalipi nauli saba. Kwenye SGR mtoto aliye chini ya miaka 4 hasafiri kwa tiketi ya kulipia, na wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu. Kwa familia yetu, watu wazima watatu na kijana wa miaka 14 ni nauli nne kamili. Wale wa miaka 10 na 7 wanaunda nauli moja kwa pamoja. Mdogo wa miaka 3 ni bure. Jumla ni nauli tano. Tano mara 31,000 ni 155,000 kwenda, na 310,000 kwenda na kurudi.

Shika namba hii: nauli tano mara safari mbili ni kumi. Maana yake, kila shilingi 1,000 inayoongezeka kwenye tiketi moja ni shilingi 10,000 zinazotoka kwa mzazi. Mtu anayesafiri peke yake anaweza kupuuza tofauti ya, tuseme, shilingi 5,000 kati ya treni ya kawaida na ya haraka, au kati ya daraja na daraja. Baba wa familia hii akiipuuza amelipa 50,000, ambazo zingewalaza watoto usiku mmoja gesti. Nimewaona wazazi wakibishana na muuza maji juu ya shilingi mia mbili wakati uamuzi wa daraja waliufanya bila kuzidisha.

Mipaka ya umri nayo inatofautiana nchi na nchi. Kwenye Madaraka Express ya Kenya, inayokwenda Nairobi hadi Mombasa, nusu nauli inaanzia miaka 3 na kuishia 11. Familia ile ile ikipanda Nairobi, mdogo wa miaka 3 analipiwa nusu, kwa hiyo nauli zinakuwa tano na nusu. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi za Kenya 1,500 kutoka 1,000, na daraja la kwanza 4,500 kutoka 3,000. Kwenda na kurudi, familia itatoa 16,500 daraja la kawaida au 49,500 daraja la kwanza. Tofauti ni 33,000 kwa viti vya kukalia saa chache. Kwa mtu mmoja anayekwenda kikazi sina neno. Kwa familia, sioni namna ya kuitetea.

Kilomita zinagharimu karibu sawa, muda ndio unaotofautiana

Wengi wanaamini treni ya umeme ni ya ghali na basi ni la rahisi. Viwango vyenyewe vinasema hivi: treni ya kawaida, shilingi 69.51 kwa kilomita. Basi la daraja la kati, shilingi 67.84; basi la kawaida, 48.47. Kati ya treni na basi lenye viti vizuri, tofauti haifiki shilingi mbili kwa kilomita.

Sasa tuiweke familia yetu ndani. Barabara ya Dar hadi Dodoma ni karibu kilomita 450. Kwenye basi hesabu huenda kwa kiti, na tukikubali kumpakata yule wa miaka 3, tunahitaji viti sita. Kwa daraja la kati ni takriban 30,500 kwa kiti, yaani 366,000 kwenda na kurudi. Kwa basi la kawaida ni takriban 21,800 kwa kiti, jumla 262,000. Treni inakaa katikati kwa 310,000, na kinachoishusha chini ya basi la daraja la kati ni ile nusu nauli ya watoto wawili. Familia isiyo na mtoto wa chini ya miaka 13 haipati nafuu hiyo.

Lakini muda ndio unaoamua. Treni inatumia kiasi cha saa nne au pungufu. Basi linatumia saa nane na zaidi, na kabla ya hapo kuna kufika stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis alfajiri ukiwa na bibi na mabegi. Kwa familia inayoendelea mbele hadi Kondoa, karibu kilomita 160 nyingine, treni ya asubuhi inakuwezesha kufika jioni ya siku ile ile. Ukienda kwa basi, uwezekano mkubwa utalala Dodoma njiani. Vyumba vitatu vya gesti kwa 40,000 kila kimoja ni 120,000, na ile akiba ya 48,000 uliyoipata kwenye basi la kawaida imeisha na imekula nyingine 72,000. Juu ya hayo, mfanyakazi ametumia siku nzima ya likizo barabarani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Siku hizo zina thamani kuliko shilingi, kwa sababu hazikopeki.

Vipi gari la nyumbani

Hili ni swali linalogawa familia, na kwa kawaida anayelitetea gari anahesabu mafuta peke yake. Tufanye vizuri. Kutoka Dar hadi Kondoa ni karibu kilomita 610. Kwenda, kurudi na mizunguko ya huko, tuseme kilomita 1,350. Gari la viti saba likitumia lita moja kwa kilomita 10, tunahitaji lita 135. Bei kikomo ya mafuta hutangazwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, kila mwezi. Mimi nimeweka 2,900 kwa lita, jumla 391,500. Sasa ongeza uchakavu. Tairi, oili, breki na mafundi baada ya safari si vitu vya kufikirika. Nimeviwekea shilingi 100 kwa kilomita, yaani 135,000. Gari linagharimu 526,500.

Upande wa pili, bila gari, kuna treni 310,000. Basi la kawaida kutoka Dodoma hadi Kondoa kwa viti sita, kwenda na kurudi, 93,000. Teksi za kwenda na kutoka stesheni na stendi, safari nne za 20,000, jumla 80,000. Na gari la kukodi siku moja kutoka Kondoa kwenda Kolo na kwenye michoro, 120,000. Jumla 603,000.

Gari linashinda kwa 76,500. Lakini ushindi huo una masharti mawili. La kwanza, gari lijae. Familia ya watu wanne, wazazi wawili na watoto wa miaka 10 na 7, itatumia 448,000 kwa njia ya treni na basi, wakati gari linabaki pale pale kwenye 526,500, kwa sababu gari halijui limebeba wangapi. La pili, dereva aende kilomita 610 kwa siku moja. Akichoka Morogoro au Dodoma na familia ikalala, 120,000 za vyumba zinaufuta ushindi wote. Na mimi nasema wazi: dereva mmoja asiende kilomita 610 kwa siku moja akiwa amebeba watoto wanne na mama mkwe. Barabara hiyo ina malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo usiku na mchana. Kama madereva ni wawili, sawa. Kama ni mmoja, hesabu ya gari ichukuliwe pamoja na usiku wa njiani, na hapo treni ndiyo yenye nafuu.

Sahani 77

Hapa ndipo penye sehemu ya safari isiyozungumzwa, nami nitakaa hapa kidogo.

Familia inapofikia kwa ndugu, tunaandika kwenye bajeti: malazi, sifuri, chakula, sifuri. Hakuna sifuri hapo. Kuna mtu mwingine anayelipa. Familia yetu ikifika Kondoa jioni ya siku ya kwanza na kuondoka asubuhi ya siku ya tano, imekula chakula cha usiku siku ya kwanza, milo mitatu kwa siku tatu, na kifungua kinywa cha kuondokea. Hiyo ni milo 11. Mara watu saba, ni sahani 77, juu ya sahani za wenye nyumba wenyewe. Ndani ya sahani hizo kuna kuku waliokuwa wanatotoa, na pengine mbuzi aliyekuwa ameandaliwa kwa ajili ya ada ya shule. Mwenyeji wa kwetu hatasema. Atakopa dukani, atatabasamu, na atawaambia mkae zaidi.

Kwa hiyo katika bajeti yangu nimeweka 200,000 kwa mwenyeji, nusu kama zawadi na nusu kama mchango wa jikoni. Hakuna atakayekwenda mikono mitupu. Mchele, sukari, samaki mkavu wa pwani na doti za kanga kwa shangazi vinajulikana. Ile nusu ya pili ndiyo inayosahauliwa. Laki moja ukiigawa kwa sahani 77 ni kama shilingi 1,300 kwa sahani, si nyingi hata kidogo. Ikabidhiwe mapema, siku ya kufika, mikononi mwa yule anayepika, kwa maneno ya heshima. Ukimpa baba mwenye nyumba siku ya kuondoka umempa shukrani. Ukimpa mama wa jikoni siku ya kwanza umempa unafuu.

Msimu nao uko kwenye hesabu hii hii. Mikoa ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, na mavuno huja kati ya Mei na Julai. Desemba, mwezi ambao kila mtu wa Dar anataka kwenda kwao, ni mwezi wa kulima na kupanda. Akiba ya mwaka uliopita inaelekea kwisha, na watu wote wako shambani. Juni uwele na mtama umeingia ndani, alizeti imevunwa, na watoto wenu watakuta ugali wa uwele na mlenda bila mwenyeji kufungua gunia la mwisho. Sahani 77 za Juni na sahani 77 za Desemba hazina uzito mmoja. Isitoshe, njia za kupanda kwenye miamba ya Kolo huteleza kwa mvua, na bibi hana magoti ya kuteleza.

Kuna wanaosema: basi twende familia mbili pamoja, tugawane gharama. Gari la siku la viti 14, tuseme 180,000, likigawanywa mara mbili ni 90,000 kila nyumba badala ya 120,000. Mmeokoa 30,000. Lakini watu sita wakiongezeka, sahani zinatoka 77 kwenda 143. Kwa nyumba ya kijijini hiyo ni harusi ndogo. Familia mbili zikitaka kwenda pamoja, na mimi naipenda sana safari ya binamu kukutana, moja ilale gesti mjini au mchango wa jikoni uzidishwe mara mbili bila kungoja kuambiwa.

Jumla yake

Tukusanye. Usafiri wote, 603,000. Kiingilio na kiongozi wa kwenye michoro, nimeweka 50,000 kwa familia. Usiende bila kiongozi wa Kolo, kwa sababu mwamba wa Mungomi bado ni mahali pa ibada kwa wenyeji, na mtoto anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajagusa jiwe. Chakula cha njiani: siku ya kwanza kifungua kinywa na cha mchana, siku ya tano cha mchana na cha usiku Dodoma, siku ya sita kifungua kinywa na cha mchana, yaani milo sita kwa watu saba, sahani 42 kwa wastani wa 3,000, jumla 126,000. Usiku mmoja Dodoma wakati wa kurudi, 120,000. Mwenyeji, 200,000. Hadi hapo ni 1,099,000.

Ongeza dharura asilimia 15, kama 165,000. Hii si pambo. Mtoto mmoja kati ya wanne ataumwa tumbo, au kutatokea msiba wa jirani wa kuchangia, au basi la Kondoa litaharibika. Jumla kuu ni 1,264,000. Zile 310,000 za treni ni asilimia 24.5 yake.

Hii ndiyo sababu sikubaliani na namna tunavyopanga kuanzia nauli. Familia iliyoweka 310,000 na kuondoka imebeba robo ya safari. Kitakachopungua ni dharura, kisha mchango wa mwenyeji, kisha safari ya Kolo yenyewe. Nimesikia mara nyingi familia iliyofika Kondoa ikarudi bila kuona mchoro hata mmoja kwa sababu gari la kwenda Kolo lilionekana ghali, baada ya kuwa imetumia zaidi ya nusu milioni kufika jirani yake.

Siku sita au nane?

Watu saba kwa siku sita ni siku-mtu 42. Gawanya 1,264,000 kwa 42, utapata kama shilingi 30,000 kwa kila mtu kwa siku. Sasa tuongeze siku mbili Kondoa. Treni haiongezeki, basi haliongezeki, teksi haziongezeki, gari la Kolo haliongezeki, usiku wa Dodoma ni ule ule mmoja. Kinachoongezeka ni sahani 42 kwa mwenyeji. Tuzitolee 2,000 kila moja, ukarimu zaidi kuliko mwanzo: 84,000. Safari nzima inafika 1,348,000 kwa siku-mtu 56, yaani kama 24,000 kwa mtu kwa siku. Siku mbili za nyongeza zimewagharimu 6,000 kwa mtu kwa siku, wakati zile sita za mwanzo ziligharimu 30,000.

Kwa hesabu hiyo, safari fupi za haraka haraka ndizo za ghali kabisa kwa familia. Mtu anayesema hana fedha za kukaa, kwa hiyo anakwenda siku tatu arudi, amelipia karibu kila kitu kizito na kukiacha kile chepesi, ambacho ndicho alichokifuata. Siku mbili za mwanzo watoto wa mjini wanakuwa wageni. Wanashikana na mama yao na kuuliza choo kiko wapi. Siku ya nne ndipo wanapoanza kutumwa kisimani na binamu zao. Kwa mwenye siku 28 za likizo, nane kwa jambo hili si nyingi.

Fedha zinatoka wapi

Kwa safari ya Juni, kuanza kuweka Julai ya mwaka uliotangulia kunatoa miezi 11. Safari ya siku nane, 1,348,000, ni kama 122,500 kwa mwezi. Kwa nyumba nyingi hiyo ni kubwa kwa mtu mmoja, lakini safari hii si ya mtu mmoja. Nauli ya bibi, treni na basi kwenda na kurudi, ni 77,500. Kama ana watoto wanne, ni chini ya 20,000 kwa kila mmoja, na sioni mtoto wa kumkatalia mama yake hilo. Hizo zikitolewa na watoto wake wote, nyumba inayosafiri naye inabaki na 1,270,500, kama 115,500 kwa mwezi. Wenye kikoba wafungue fungu la safari, lisichanganywe na la ada wala la ujenzi. Wenye kibubu waweke kibubu. Muhimu ni kwamba jumla ijulikane siku ya kwanza na kila mtu aione, pamoja na yule kijana wa miaka 14. Mpeni daftari awe mhasibu wa safari. Atajifunza zaidi ya somo la biashara la muhula mzima, na hataomba soda kila kituo, kwa sababu anajua sahani ya njiani imewekewa 3,000.

Kuileta safari nyumbani

Wajomba waliobaki Dar, dada aliyeko Muscat, binamu wa Minneapolis, wote watataka kuona. Hapa pia kuna hesabu. Simu tatu, picha 40 kwa kila simu kwa siku, siku nane: picha 960. Picha moja ya simu ya kawaida ni kama MB 3, jumla karibu GB 2.9. Video ni nzito zaidi: dakika moja ya ubora mzuri huchukua kati ya MB 60 na 130 kutegemea simu, hivyo dakika 20 zinaweza kufika GB 2.6. Vyote vinaingia katika akaunti ya Google ya bure, ambayo ina GB 15, lakini kuvipandisha kwa bando la Kondoa ni kuchoma fedha. Subirini mrudi, tafuteni Wi-Fi. Kwenye kundi la WhatsApp tumeni picha 30 zilizochaguliwa, si 960. Programu hiyo hupunguza ubora wa picha, kwa hiyo zile za kuchapishwa zitumwe kama nyaraka. Mtu aliyetumiwa picha 960 haangalii hata moja.

Lakini kitu ambacho ningependa kila familia ikirudishe hakina uzito hata huo. Sauti iliyorekodiwa kwa ubora mzuri huchukua kama MB 1 kwa dakika. Saa tatu za bibi akizungumza ni kama MB 180, sawa na dakika moja na nusu hadi tatu tu za video. Akae chini ya mti kwao, aulizwe na wajukuu: mlikuwa mnakula nini mwaka wa njaa, nani alikuwa anakwenda kuomba mvua, ulipoletwa Dar mara ya kwanza mlisafiri siku ngapi, jina hili la mama yangu lilitoka kwa nani. Azungumze Kirangi pale anapotaka, shangazi afasiri. Faili hilo linatumwa Muscat kwa gharama isiyohesabika, na hakuna bajeti yoyote katika safari hii inayolipa zaidi ya hapo.

Kwa familia ya ukubwa huu, basi, uamuzi wangu ni treni ya kawaida, Juni, siku nane, gari la siku kwenda Kolo lisikatwe kwa namna yoyote, na mchango wa jikoni ukabidhiwe siku ya kufika. Kama kwenu kuna mtoto wa miaka 12 atakayetimiza 13 kabla ya safari, nauli yake ya kwenda na kurudi inatoka 31,000 kwenda 62,000. Angalieni vyeti vya kuzaliwa kabla ya kupanga tarehe. Na kabla ya kufungua kibubu, mpigieni mwenyeji simu wiki hii, mwulizeni mwezi gani unawafaa wao.